Kutokwa na Kufiwa: Mimba Zilizotoka katika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye

Makala haya yanakusudia kuchunguza tukio ambalo wahakiki wa fasihi ya Kenya wamezoea kulipita haraka wakielekea kwingine, nalo ni tukio la mimba kutoka. Matini tunayoishughulikia ni Coming to Birth, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyochapishwa mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Sinclair mwaka huo huo. Msomaji wa Kenya anaifahamu vyema, kwa kuwa iliwahi kuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi katika shule za sekondari. Paulina, msichana wa miaka 16, anawasili Nairobi kutoka Nyanza mwaka 1956 ili kuishi na mumewe, Martin Were. Ni mja mzito. Muda mfupi baada ya kufika, mimba inatoka. Katika miaka inayofuata mimba nyingine zinatoka vilevile, na mtoto anayezaliwa hai, Okeyo, anauawa kwa risasi mjini Kisumu mwaka 1969. Riwaya inakoma mwaka 1978, Paulina akiwa mja mzito tena.

Usomaji uliozoeleka, ule tuliofundishwa na ambao wengi wetu tumeufundisha, huyachukua matukio haya kuwa istiara ya taifa. Paulina ni Kenya. Mimba zinazotoka ni uhuru unaoahidiwa na kuahirishwa. Mtoto anayeuawa ni matumaini yaliyozimwa na siasa za mwongo wa kwanza wa uhuru. Ujauzito wa mwisho ni taifa linalokaribia kuzaliwa upya. Hatusemi kwamba usomaji huu hauna msingi. Macgoye mwenyewe ameupa msukumo, kwa kuwa amezifungamanisha tarehe za maisha ya Paulina na tarehe za nchi, na anwani ya kitabu inamwalika msomaji afanye hivyo hivyo. Shaka yetu ni nyingine. Istiara inapomaliza kazi yake, msichana aliyelala kitandani akivuja damu anakuwa amekwisha kutoweka, na mahali pake pamekaa nchi. Tunadai kwamba riwaya hii ina jambo mahususi la kusema kuhusu mimba iliyotoka kama msiba, na kuhusu huduma ya afya ya uzazi kama njia yenye hatua nyingi, ambayo jengo la hospitali ni hatua moja tu. Jambo hilo halisikiki tukiharakisha kuipa mimba hiyo jina la taifa.

Msiba usio na kitenzi chake

Hapana budi tuanze na lugha, maana tunaandika kwa Kiswahili kuhusu riwaya ya Kiingereza, na atakayeieleza riwaya hii kwa Kiswahili darasani atalazimika kuchagua maneno ambayo hayana usawa wa mizani.

Mimba imetoka. Mimba imeharibika. Mimba imeporomoka. Katika sentensi zote tatu kiima ni mimba, na mwanamke hayumo. Tukitaka kumwingiza, tunamwingiza kama yambwa: mimba ilimtoka. Au tunatumia kauli ya kutendwa: alitokwa na mimba. Kauli hii ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu hutokwa na jasho, hutokwa na machozi, hutokwa na damu. Sarufi basi inaiweka mimba iliyotoka katika kundi la vitu vinavyotoka mwilini huku mwenye mwili akibaki kama alivyokuwa. Kifo kina kitenzi kingine. Mtu akifa, waliobaki wamefiwa. Kufiwa ni umbo lenye hekima kubwa: mnyambuliko wa kutendea ukiunganishwa na ule wa kutendwa umemfanya anayebaki awe kiima cha kifo cha mwenzake, na jamii ikisikia kwamba fulani amefiwa inajua la kufanya. Watu watakuja, watakaa, watachanga, watapika. Hatusikii ikisemwa kwamba fulani amefiwa na mimba. Aliyetokwa na mimba hupewa pole ile ile ya mgonjwa, kisha huambiwa kwamba atapata mwingine.

Upande wa pili wa kitenzi hiki kuna kutoa. Toka na toa ni ndugu wa tumbo moja. Anayetoa mimba ni mtenda, na katika Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa wakoloni ni mshtakiwa anayeweza kufungwa miaka 7, huku anayemsaidia akikabiliwa na miaka 14. Kati ya anayestahili pole na anayestahili jela pana konsonanti moja. Jirani, mume, mama mkwe, muuguzi au askari anaweza kuiruka konsonanti hiyo bila ushahidi wowote: je, ilitoka au aliitoa? Msemo wa kupoteza mimba, ambao unazidi kusikika, hautuondolei tatizo hili, kwa sababu anayepoteza kitu huulizwa alikiweka wapi.

Na tukiri, kwa kupitia tu, kwamba sisi wahakiki tunapenda mno lugha ya uzazi pale inapotufaa. Mimba hutungwa na mashairi hutungwa; mswada huzaliwa, mwandishi hupata uchungu, mhakiki hujiita mkunga. Bado hatujakutana na mhakiki aliyesema kwamba mswada fulani ulitoka.

Si kwamba wanawake wa Uswahilini hawakuwa na mahali pa kuyasemea haya. Somo na kungwi walikuwa na darasa lao, na unyago ulikuwa na nyimbo zilizotaja mwili bila kuzungusha maneno. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini nyumbani aliheshimiwa pia kwa unyago wake. Maarifa hayo yalilindwa kwa sharti la faragha na hayakuvuka kirahisi kuingia katika kitabu. Riwaya ya Kiswahili ilipouchukua mwili wa mwanamke, ilielekea zaidi upande wa kutoa. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, utoaji mimba ni sehemu ya anguko la Rosa. Katika Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei, mimba ya Sauna inaondolewa ili aibu ya nyumbani ifichwe. Waandishi hawa wawili wana huruma, na Kezilahabi hasa anaulekeza mkuki wake kwa wanaume waliomfikisha Rosa alipofika. Hata hivyo mimba inayotolewa ina faida ya kisanaa kwa mtunzi mwenye dhamira ya kimaadili, kwa kuwa inampa kosa, siri na adhabu, yaani inampa msuko ulio tayari. Mimba inayotoka yenyewe haimpi kitu. Haina mkosaji. Hutokea mara nyingi mno, kwani inakadiriwa kwamba katika kila mimba 100 zinazojulikana kati ya 10 na 15 hutoka, lakini uwingi huo haujaipatia kurasa.

Kwa kipimo hiki, uamuzi wa Macgoye wa kuianza riwaya yake kwa mimba inayotoka, tena ya mke halali, katika ndoa halali, bila dawa ya mitishamba wala mganga wala hila, ni uamuzi wa ujasiri. Amechagua msiba usio na wa kulaumiwa, kisha akatuonyesha jinsi wa kulaumiwa anavyotafutwa na kupatikana.

Njia ya kutoka hospitalini

Paulina anapelekwa hospitalini na anatibiwa. Hili ni jambo la kutilia mkazo kwa sababu msomaji anayetarajia riwaya ya malalamiko anaweza kudhani kwamba kasoro itakuwa wodini: dawa hazipo, wauguzi ni wakali, kitanda kimelaliwa na watatu. Macgoye hakuiweka kasoro hapo. Damu inakoma na mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kasoro inaanza mlangoni. Msichana aliyefika mjini juzi, mgeni wa barabara zake na wa desturi zake, anaachwa aitafute mwenyewe njia ya kurudi Pumwani, na anapotea.

Kurasa za kupotea huku ndizo, kwa maoni yetu, kurasa muhimu zaidi zilizoandikwa katika riwaya ya Kenya kuhusu huduma ya afya ya uzazi, ijapokuwa hakuna daktari hata mmoja ndani yake. Mji anaozunguka ni Nairobi wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa imeuzingira mji katika Operesheni Anvil na kuwasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Mwaka 1956, kwa hiyo, kila mwili mweusi barabarani ulikuwa ni mwili wa kuulizwa unatoka wapi na unakwenda wapi. Isitoshe, Nairobi haukuwa umepangwa kwa ajili ya mwanamke. Ulipangwa kwa ajili ya mwanamume mfanyakazi, aliyehesabiwa nafasi ya kitanda, huku mke akidhaniwa kuwa yuko mashambani akilima. Mke aliyekuja mjini alikuwa mgeni wa mumewe, na mumewe mwenyewe alikuwa mgeni wa mwajiri wake. Macgoye, mzaliwa wa Southampton mwaka 1928, alifika Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni. Naye basi aliuona mji huo kwa jicho la mgeni, ingawa ugeni wake ulikuwa na ulinzi ambao Paulina hakuwa nao.

Paulina anapofika nyumbani hatimaye, Martin anampiga. Hoja ya Martin ni ya sarufi tuliyoieleza hapo juu: mke hakuwepo, basi alikuwa mahali, alikuwa mahali, basi alikuwa na mtu. Kutokuwepo kwake kumegeuzwa kuwa tendo lake. Mtoto ametoka, mke amepotea, na vitu hivi viwili vilivyomtokea vinasomwa kama vitu alivyovitenda. Msimulizi hapandishi sauti hapa. Mtindo wa Macgoye ni wa kubana maneno, na kuna wasomaji wanaoulalamikia kuwa mkavu. Sisi tunauona ukavu huo kuwa ndio uaminifu wenyewe. Katika chumba kile hakuna aliyesema kwamba binti huyu amefiwa, na msimulizi hatumii cheo chake kuliingiza neno ambalo wahusika hawana.

Tukiitazama njia hii kwa macho ya leo, tunaweza kuitaja kwa majina. Huduma baada ya mimba kutoka au kutolewa, kama wanavyofundishwa wauguzi wa siku hizi, ina matibabu ya dharura, lakini pia ina ushauri nasaha, maelezo na njia za kupanga uzazi, na kuunganishwa na huduma nyingine ambazo mgonjwa anazihitaji. Kwa jinsi riwaya inavyotuonyesha, Paulina anapata ile ya kwanza. Hakuna anayemweleza mumewe kilichotokea. Hakuna anayemwambia asubiri muda gani, aangalie dalili gani, wala kwamba jambo hili linaweza kuwa halikusababishwa na chochote alichokifanya. Riwaya haigeuki kuwa cheti cha daktari na wala si kazi yake kututajia kilichozitoa mimba zile zilizofuata. Lakini msomaji anajua kwamba Paulina anatoka katika bonde la Ziwa Viktoria, eneo la malaria tangu zamani, na malaria ni mojawapo ya visababishi vinavyojulikana vya mimba kutoka na vya watoto kuzaliwa wakiwa wafu. Lililo wazi ni kwamba penye pengo la maelezo pameingia lawama. Mke asiyezaa huwa na hatia hadi atakapozaa, na hata akijipatia mafunzo, kazi na kipato chake, kama Paulina anavyofanya kwa bidii ya kupendeza, hesabu ya ukoo inabaki pale pale.

Ulinganisho na The Joys of Motherhood (1979) ya Buchi Emecheta unaweza kutusaidia hapa, kwa sababu Nnu Ego naye ni mke wa kijijini aliyetupwa katika mji wa kikoloni, Lagos. Mtoto wake wa kwanza anapokufa akiwa mchanga, anakimbilia darajani ili ajitupe majini. Barabara ya Emecheta inaelekea kwenye mauti, ile ya Macgoye inaelekea nyumbani, na ni vigumu kusema ipi ina huruma zaidi. Lakini kuna tukio la baadaye katika riwaya ya Emecheta ambalo wahakiki wamelitaja kidogo mno. Nnu Ego, akiwa amechoka na umaskini na idadi ya watoto, anajifungua mtoto wa kike aliyekwisha kufa, na hatia inamwandama kwa sababu hakuwa ameifurahia mimba ile. Hakuna mtu aliyemshtaki. Ile konsonanti moja ameiruka mwenyewe, ndani ya moyo wake: ilitoka, au niliitoa kwa kutoitaka? Hapa Emecheta amekwenda mbali kuliko Macgoye. Paulina anashtakiwa na wengine. Nnu Ego amekuwa hakimu wa nafsi yake, na kinachoweza kumtetea ni maarifa, yaani mtu wa kumwambia kwamba mimba haziuawi kwa mawazo. Katika chumba chao cha Lagos mtu huyo hayupo.

Hospitali ya Kisumu

Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Russia na ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai 5 mwaka huo. Umati ulikuwa na hasira, Kenyatta na Odinga wakarushiana maneno hadharani, na walinzi wakafyatua risasi. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku. Macgoye anamweka Paulina na Okeyo katika umati huo, na Okeyo anakufa.

Hili ndilo tukio linalopendwa zaidi na wasomaji wa istiara, na sababu yake inaeleweka. Lakini ajabu ni kwamba katika kulieleza husema siasa, husema ukabila, husema dola, na neno hospitali hupita kama pambo la mandhari. Tuliangalie tena. Mwanamke ambaye mimba zake zimetoka moja baada ya nyingine amesimama mbele ya hospitali mpya kuliko zote katika jimbo lake, siku inapofunguliwa, akiwa na mtoto mmoja aliyemshinda kifo. Hospitali ya kwanza katika riwaya ilimtibu ikamwachilia barabarani peke yake. Ya pili inamwua mtoto kabla haijampokea mgonjwa mmoja mbele ya macho yetu. Macgoye hakulibuni tukio hili, historia ilimpa. Ufundi wake ni kuliweka katika maisha ya mtu ambaye alikuwa na haja ya hospitali hiyo kwa namna ambayo wageni waalikwa hawakuwa nayo. Hospitali kama sherehe ya dola na hospitali kama huduma ni vitu viwili, na riwaya inatuonyesha kimoja kikikaa mahali pa kingine. Jengo lilikuwapo. Utepe ulikuwapo.

Ni vyema kukumbuka kwamba hospitali si ngeni katika fasihi yetu. Grace Ogot, aliyesomea uuguzi na ukunga kabla ya kujulikana kama mwandishi, aliisawiri hospitali ya misheni katika hadithi ya "The Old White Witch" iliyomo katika Land Without Thunder (1968). Lakini aliiangalia kutoka upande wa wauguzi na hadhi yao. Mtazamo wa aliyelala kitandani, na hasa wa aliyeamka kitandani akaondoka bila mtoto, umebaki kuwa nadra.

Katika Kiswahili, mfano ulio karibu zaidi ni Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora. Kitoto kinachoachiwa Amani, mtoto ambaye Mtemi Nasaba Bora amemzalisha Lowela, msichana wa shule, kinaugua, kinapelekwa zahanati, kinapuuzwa na wauguzi, kinakufa, na Amani pamoja na Imani waliokipeleka ndio wanaotiwa mbaroni. Kitoto hicho kimepewa jina la Uhuru. Walibora, mtunzi aliyetupa mengi, hapa amemrahisishia mno msomaji. Jina lenyewe limekwisha kumla mtoto kabla ugonjwa haujafika, na mwanafunzi hana haja ya kufikiri zaidi ya kuandika kwamba kifo cha Uhuru ni kifo cha uhuru. Tumesahihisha insha nyingi za namna hiyo. Hatukumbuki hata moja iliyouliza ni nani aliyemhudumia Lowela alipojifungua, na alijifungulia wapi, na damu yake ilikoma lini. Licha ya hayo, tukio la zahanati lina uhalisia unaoushinda mpango wa istiara. Wauguzi wanaoendelea na mambo yao huku mtoto akififia hawawakilishi kitu. Ni wauguzi, katika zahanati, saa za kazi. Na kukamatwa kwa walioleta mgonjwa kunaturudisha kwenye sarufi yetu ya lawama.

Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza kama bado tunazungumza fasihi. Tunamjibu kwa kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Malindi mwezi Machi 2022. Mwaka 2019 msichana wa shule alifika katika zahanati moja ya pwani akiwa na matatizo ya ujauzito. Mhudumu wa afya alimchunguza, akaona kwamba mimba imetoka, akampa matibabu ya dharura. Polisi waliingia, wakawakamata wote wawili, na mgonjwa na aliyemtibu wakafunguliwa mashtaka ya utoaji mimba. Mahakama iliona kwamba kukamatwa kwao kulikuwa kinyume cha sheria, ikiirejelea Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na huduma ya afya ya uzazi, na kukataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tunaitaja kesi hii kwa ajili ya masimulizi yake kuliko hatima yake katika sheria. Hapa palikuwa na wasimulizi wawili wa tukio moja. Mmoja alisimulia kwa kitenzi cha kutoka, na kwake palikuwa na mgonjwa. Mwingine akasimulia kwa kitenzi cha kutoa, na kwake palikuwa na mhalifu. Uamuzi wa kuamini usimulizi upi ulifanywa kwanza na mtu mwenye pingu. Kazi ya kupima usimulizi, kuuliza nani anasema, kwa mamlaka gani, na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kuwa kiima, ndiyo kazi ambayo idara zetu zinadai kuifundisha.

Hatuna budi kurejea, kwa ufupi, kwenye ujauzito wa mwisho wa Paulina, kwa sababu ndio ngome ya usomaji tunaoupinga. Mwaka ni 1978, mwaka aliofariki Kenyatta. Paulina na Martin wamerudiana baada ya miaka mingi, yeye akiwa amefanya kazi katika nyumba ya mbunge mjini Nairobi na kujifunza kusema kwa sauti yake. Wasomaji wengi wanauona ujauzito huu kuwa tuzo: mwanamke amekomaa, nchi imefungua ukurasa, mtoto atazaliwa. Lakini mtoto hazaliwi katika riwaya hii. Macgoye amekoma mtoto akiwa bado tumboni, na anwani yake inataja kukaribia kuzaliwa, haitaji kuzaliwa. Paulina ana miaka 38, umri ambao hatari ya mimba kutoka ni kubwa kuliko ilivyokuwa alipokuwa na miaka 16. Kilichobadilika kati ya ujauzito wa kwanza na huu ni kwamba sasa anaijua njia kutoka hospitalini hadi nyumbani, na Martin ana sababu ya kwenda naye.